Shokapu Mbili za Mbele

Mama mkwe wangu alisema hapandi tena gari langu, lakini hakuniambia mimi. Kwetu Usukumani mama mkwe na mkwilima, yaani mume wa binti yake, hawasemezani ovyo, hawakai kiti kimoja, na mkono hawapeani. Akiwa na neno na mimi, humwambia binti yake, yaani mke wangu, kwa sauti ya kutosha kunifikia nilipo. Siku hiyo tulikuwa uani kwake, Bukundi, tumetoka kumrudisha nyumbani. Akasema, "Mwambie baba watoto gari lake linatwanga. Mimi si mtama."

Ningecheka, kama si ubatizo. Binti yetu wa kwanza, aliyepewa jina la bibi yake huyo huyo, alikuwa karibu kubatizwa Bariadi. Mabasi bibi alikwishaapa zamani kutoyapanda kwa sababu ya mgongo, na sasa alikuwa ameliapia na gari langu. Mke wangu hakuzunguka mbuyu. "Mama asipokuwepo, mimi siku hiyo nitakaa kanisani nalia," alisema. Namjua, angelia kweli.

Nikaenda kwa fundi. Akalikandamiza gari kila kona, likanesa weee, akasema shokapu zote nne zimekufa. Tukaongozana hadi duka la spea, na muuzaji akaweka mbili juu ya kaunta: hii ya kampuni, hii ya kawaida. Ile ya kawaida ilikuwa nzuri kwa macho, imepakwa rangi nyekundu na boksi lake lina picha ya gari linaruka mlima. Ya kampuni ilikuwa nyeusi, imenuna. Fundi akaniambia nizibonyeze kwa kiganja. Ya kampuni ilinipinga, kisha ikainuka polepole. Ya kawaida ilishuka upesi ikabaki huko huko, kana kwamba imefika nyumbani. Mtumba ya Japani, ambayo mafundi wetu wengi huipenda kuliko mpya ya kawaida, haikuwepo ya saizi yangu.

Mfuko ulikubali mbili tu za kampuni. Nikajishika kidevu kama mtu anayefikiri. Mbele kuna usukani, kuna injini, na kuna mimi. Basi za kampuni zikae mbele, za kawaida zikae nyuma. Heri nusu shari kuliko shari kamili. Fundi, Msukuma mwenzangu mwenye mama mkwe wake, naye akaona ni sawa kabisa. Wanaume wawili wazima tulisimama pale tukasifiana akili.

Nililijaribu gari kwenye mashimo yote ya mtaani kwetu, peke yangu, nimekaa mbele bila shaka. Lilikwenda vizuri mno. Mke wangu akampigia mama yake simu, akamwapia kuwa gari limefungwa spea za kampuni. Mama akakubali kuja.

Tulipofika Bukundi kumchukua, alitoka na kitenge kipya, kapu la michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa, na jogoo aliyefungwa miguu. Nikasimama mbali, nikamwamkia kwa adabu, "Mwangaluka, mayu." Akaitikia akitazama mti. Halafu akafungua mlango wa nyuma, akaingia, akakaa.

Angekaa wapi tena? Tangu lini mama mkwe akae mbele, bega kwa bega na mkwilima? Jambo ambalo kila mtoto wa Kisukuma analijua, mimi na fundi lilitupita.

Shimo la kwanza, sisi wa mbele tulipita kama tunabembelezwa. Nyuma ukasikika mshindo, na jogoo akalalamika. Shimo la tatu au la nne hivi, mama akamwambia binti yake, "Mwambie baba watoto asimame."

Nikasimama. Mama akashuka na kapu lake, akageuka akaitazama njia ya kurudi Bukundi. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

"Nyuma umefunga nini?" mke wangu aliniuliza taratibu.

"Za kawaida."

"Na mbele?"

"Za kampuni."

Nilitarajia machozi, lakini aliangua kicheko mpaka akajishika kwenye boneti. Kisha akanyoosha mkono. "Lete funguo."

Mjini huendesha kila siku, ila mbele ya mama yake hakuwahi. Akamfungulia mama mlango wa mbele na kukipigapiga kiti. Mama alisita, akanitupia jicho, na mimi nikawahi kuingia nyuma nisije nikamzuia. Nilijibana nyuma ya dereva, mimi, jogoo na michembe.

Sasa nikaijua ile shokapu nyekundu ni kitu gani. Kichwa kiligonga paa, kiuno kikagonga kiti, na kulia siwezi, maana mkwilima hagumii mbele ya mkwe. Huko mbele mama alishika dashibodi kwa mikono miwili, baadaye kwa mmoja, na tulipoipita Lagangabilili alikuwa ameiacha kabisa.

"Mwambie baba watoto," alisema, kwa ile sauti ya kunifikia, "hizo za nyuma asizibadilishe."

"Kwa nini, mama?"

"Akizibadilisha mtanirudisha huko. Mimi maisha yangu yote nimebebwa nyuma. Keria ya baiskeli ya baba yako, tela la trekta, juu ya pamba kwenye lori. Njia nilikuwa naiona ikishaondoka. Leo naiona inavyokuja."

Mke wangu akapangusa jicho kwa mgongo wa mkono, asiachie usukani.

"Mwambie mama nimesikia," nikasema, na tukaingia shimo lingine.