Makochi ya Roselyne Yaenda Chwele

Roselyne Nakhungu amepanga chumba kando ya changu hapa Bungoma, ukuta mmoja tu kati yetu. Anafua shuka za gesti. Binti yake Joan alimlea peke yake, tangu siku aliyomtoroka mumewe Wangila kule Chwele, mtoto mgongoni na jicho limevimba. Wangila ameshakufa. Joan sasa ni mtu mzima, ana kazi Nakuru, na mwaka jana alipata mtu wa kumwoa.

Roselyne alitaka kitu kimoja: wakwe waje kumwomba Joan kwake, chumbani mwake, yeye aliyemlea. Akampigia simu. Simu yake inapiga kelele kama redio, nilisikia yote.

"Lakini mama, wageni wote hao watakaa wapi? Si huna hata viti."

Mimi nilielewa hapo hapo. Kwetu mtu hakwambii hapana. Anakwambia mvua itanyesha. Msichana huombwa kwa boma la baba yake, hata kama baba amebaki kaburi tu. Lakini Roselyne alisikia viti. Akaanza kutafuta viti.

Vya dukani ni vya wenye mishahara. Mgeni mmoja wa gesti akamwambia kuna mzee Kitale, Gachanja, ambaye watoto wake wamemletea makochi mapya, na yale ya zamani yako ghalani kuku wanataga juu yake. Nikaenda naye, kwa sababu Roselyne hajui kupatana bei. Mke wa mzee, Mama Kabura, akatufungulia ghala.

"Mbao ni ngumu, mabinti. Kitambaa ndiyo imekufa."

"Imekufa na imeoza," nikamwambia. "Hata kuku wako anajua. Tupunguzie, mama."

"Huyu ana mdomo! Nani alimwoa?"

"Alinirudisha," nikasema. Akacheka mpaka akashika mlango, akapunguza. Tukarudi kupitia Webuye kwa lori ya mahindi.

Jumapili zote baada ya kanisa Roselyne alikuwa uani. Alivua kitambaa cha zamani, akang'oa misumari kwa kisu cha jikoni. Akachemsha maji akamwagia viungo vya mbao, pale kunguni hujificha, akaanika juani mpaka zikakauka. Springi zilikuwa zimelala kabisa, akazitupa. Mukhwana, fundi wa baiskeli, akampa tyubu kuukuu. Tukazikata mikanda, tukazivuta, tukazisuka kama kitanda cha kamba. Sponji alinunua vipande, yale mabaki ya magodoro, akavigandisha pamoja. Kitambaa kilikuwa mapazia mazito ya mitumba, rangi ya zambarau. Nilimshonea kwa cherehani yangu, na pale hakikutosha tukaweka kiraka nyuma, upande wa kuangalia ukuta. Akapiga msasa, akapaka vanishi. Mwisho akafuma vitambaa vyeupe vya kuweka juu, maana kochi bila kitambaa ni kama mtu ameenda kanisani na shati ya ndani.

Yalipendeza. Mimi si mtu wa kusifu ovyo, lakini yalipendeza. Na hakuyakalia hata siku moja. Nilimkuta anakula ugali akiwa ameketi juu ya jerikeni, makochi yanamwangalia.

"Kwani umeyakodi?"

"Ni ya wageni, Edah."

Akampigia Joan. Joan alisema ni mazuri sana, mama. Siku hakutaja.

Jumamosi moja asubuhi pikapu ikasimama mlangoni. Akashuka Eliakim, kaka mkubwa wa Wangila, na kofia yake mkononi.

"Shemeji, hujambo? Miaka mingi."

"Sijambo," Roselyne akasema.

"Ile siku ya mtoto ni leo. Wageni wako njiani. Sasa pale bomani viti ni kidogo, na tumesikia wewe uko na makochi mazuri."

"Mmesikia kwa nani?"

Eliakim akaangalia kofia. "Kwa mtoto mwenyewe."

Mimi nikaingilia. "Na mwenye makochi atakaa wapi?"

"Mama, haya ni mambo ya boma."

"Ati boma! Mwanamke alitoroka mume, huyo ni mkosi, harudi bomani. Makochi yake hayana mkosi, bana?"

"Edah, wacha," Roselyne akasema. Akatoa shuka, akayafunika yasishike vumbi. "Msiyaburute. Ile refu mguu wake nimeunga." Wakapakia. Hakuna aliyemwambia panda.

Yalirudi Jumapili, moja lina doa la soda. Dereva alisema wageni walijaa, walikula, wakaelewana. Joan alikuwa ameshapanda basi ya Nakuru.

Jioni sikusikia chochote upande wa pili wa ukuta. Nikaingia bila kubisha. Roselyne alikuwa ameketi kwenye kochi. Akainuka, akaketi kwa lingine, akapapasa sponji kwa kiganja. Akahamia lile refu: mwanzo, katikati, mwisho.

"Umeangusha nini?"

"Natafuta pahali Joan alikaa."

Sponji huinuka mtu akiinuka, haishiki alama. Nilijua hivyo, na yeye alijua, ndiye aliyeinunua. Nikamwambia naenda kuchemsha chai.

"Chemsha," akasema, akahamia lile lingine.