Mwezi Nilipokabidhiwa Mshahara wa Baba

Nyumbani kwetu Kolwezi hakuna aliyetukalisha chini kutufundisha matumizi ya pesa. Baba alikuwa fundi wa magari makubwa ya mgodi, mtu wa maneno machache, na mama aliamini kwamba mtoto husikia vizuri zaidi kwa tumbo kuliko kwa masikio. Walichokuwa nacho ni desturi moja: mtoto akitimiza miaka kumi na mitano, likizo kubwa ya shule ikifika, anakabidhiwa mshahara wa mwezi mmoja. Anunue unga, makala, yaani makaa ya kupikia, mafuta, sabuni na kila kinacholiwa na nyumba nzima, mpaka siku baba atakapolipwa tena. Desturi hiyo baba aliitoa kwa baba yake, aliyeletwa kutoka Kasai kufanya kazi ya mgodi enzi za posho. Babu alimpa posho ya wiki, akamwambia aigawe mwenyewe.

Mimi ndiye mtoto wa kwanza, kwa hiyo hapakuwa na kaka wala dada wa kunionya. Siku ya mshahara baba aliniita mezani, wadogo zangu watano wakishuhudia, akaweka noti mbele yangu.

"Uyu mwezi ni wako, mama," akasema.

Kwetu ni kawaida baba kumwita binti yake mama, lakini siku ile neno lile lilinipanda kichwani. Mama mwenyewe alinikabidhi kimkoba chake cha kitambaa, akarudi kwenye kiti chake, akakaa kama mgeni aliyekuja kutembea. Ningemwuliza swali moja tu, labda leo nisingekuwa na la kusimulia. Sikumwuliza. Nilimwona kama mtu aliyestaafu.

Jioni ile ile nilipika kuku wawili. Wadogo zangu walicheza kuizunguka sufuria, na yule wa mwisho, mwenye miaka minne, akatangaza kwamba mimi ndiye mama mzuri kuliko yule wa zamani. Baba alimaliza kula, akafuta vidole, akasema, "Aksanti, mama. Nimekula." Waswahili husema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi niliposifiwa nilizidi kumimina mafuta. Kesho yake ilikuwa nyama ya ng'ombe, keshokutwa samaki wa kukaanga na wali, na Jumamosi nikaenda kusuka nywele kwa meshi ndefu za bandia, nikijiambia kwamba anayelisha nyumba lazima aonekane. Mama alinitazama kichwani kwa muda. Akasema nywele zimetoka vizuri, akaendelea kuchambua maharagwe yake.

Lakini si kuku wala meshi vilivyonimaliza. Kilichonimaliza ni unga. Kwetu siku haijaisha kama hujala bukari, ugali wetu, na mama siku zote alinunua mahindi ya punje, akayabeba kichwani hadi kwenye mashine ya kusaga. Msimu ule mahindi yalikuwa yametoka kuvunwa, bei iko chini. Lakini mashine ilikuwa kando ya barabara walikopita wavulana wa shule yetu, na mimi kupita pale na beseni la mahindi, vumbi la unga likinikaa kwenye meshi, ningeona afadhali nife. Basi nilinunua unga mweupe uliofungwa tayari, ule unaotoka Zambia, mfuko mdogo leo na mfuko mdogo kesho. Makala nayo niliyachukua barabarani kwa vifuko. Na kwa kuwa asubuhi za kiangazi kwetu ni baridi kali, kila aliyeomba maji ya moto ya kuoga nilimkubalia. Nilikuwa karimu sana kwa jasho la mtu mwingine.

Siku ya kumi na tisa nilifungua kile kimkoba nikapekua pembe zake zote, nikidhani kina mfuko wa pili ndani. Hakikuwa nao. Kilichobaki kingetosha siku tatu kwa mwendo wangu, na mshahara ulikuwa mbali, siku kumi na moja mbele. Baba alikuwa akiamka kabla ya jua kwenda kuinua vyuma, na sasa angeenda kuviinua na tumbo tupu kwa sababu yangu.

Jirani yetu alikuwa na binti wa umri wangu ambaye alishaacha shule, akawa anaosha mawe ya madini mtoni na kulipwa kila jioni. Nilipata akili, au nilichokiita akili. Tulipokuwa tunakula nikamwambia baba kwamba nitakwenda naye siku kumi tu, nifidie. Baba aliweka tonge chini. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha.

"Hapana. Kule hautaenda. Tutakula ile iko."

Akachukua tonge lake tena. Kwa hiyo mlango huo ukafungwa, na uliobaki ulikuwa ule ambao nilikuwa nikiupita kila siku. Asubuhi nilikwenda kwa mama, nikamwambia pesa zinaelekea kuisha na mimi sijui la kufanya. Nilijiandaa kusemwa. Mama alisimama tu, kitambaa tayari kimefungwa kichwani, sijui alikifunga tangu lini, tukaenda sokoni.

Hakugusa noti hata moja. Alitembea nyuma yangu kidogo, akanifundisha kwa sauti ya chini ili wauzaji wasisikie. Punje ya mahindi unaiuma kwanza, kwa sababu mahindi yasiyokauka yana uzito wa maji na utalipia maji. Unauliza bei kwa watu watatu kabla ya kutoa mkono mfukoni, na kwa yule wa kwanza unaondoka ukitabasamu, maana huenda ukarudi kwake. Mboga za majani hazinunuliwi asubuhi, bali jua likishuka, mama muuzaji anapoanza kufikiria watoto wake nyumbani. Na usimwonee, akasema, kwa sababu na yeye ana mwezi wake.

Mahindi niliyabeba mwenyewe. Wavulana walikuwapo pale barabarani, kama nilivyoogopa. Mmoja akanisalimia, mwingine hata hakuinua macho kwenye baiskeli yake. Ile aibu iliyokula nusu ya mshahara wa baba ilikuwa na urefu wa hatua thelathini hivi, kutoka barabarani hadi mlangoni kwa mashine. Niliposimama kwenye foleni nilijicheka, halafu machozi yakanitoka, nikasingizia vumbi.

Hata hivyo, majuto ni mjukuu. Tulikula bukari na majani ya lengalenga siku baada ya siku, kwanza na mafuta, kisha na chumvi peke yake. Siku mbili za mwisho palikuwa na uji tu, na siku ya mwisho kabisa niliuongeza maji mpaka ukashindwa kusimama kwenye kijiko. Mdogo wangu wa miaka minne, yule aliyenivika cheo, alikuja akanishika sketi. "Yaya, njaa," akasema, akiniita dada mkubwa, bila kulia. Alikuwa ananipa habari tu. Sijawahi kuambiwa neno lililoniuma kuliko hilo.

Baba alirudi kutoka kazini, akanawa mikono, akaketi mbele ya sahani ya uji ule. Aliumaliza taratibu. Kisha akasema kwa sauti ile ile ya siku ya kuku wawili, "Aksanti, mama. Nimekula." Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia mpaka nikachoka.

Kesho yake alilipwa. Pesa alimpa mama, mama akanituma mahindi, nami nikarudi na gunia kwenye mkokoteni bila mtu kunielekeza. Hakuna aliyenihubiria. Mwezi wangu haukutajwa tena hadi ilipofika zamu ya mdogo wangu anayenifuata. Yeye alikosea kivyake, kwenye maharagwe na mpira wa miguu, lakini hayo atayasimulia mwenyewe.

Miaka michache baadaye nilikwenda chuo kikuu Lubumbashi. Wenzangu wa chumbani walipopokea pesa kutoka nyumbani walisherehekea wiki nzima, na ilipofika tarehe kumi walianza kupiga simu: papa, imeisha. Mimi nilikuwa nabeba mahindi yangu kichwani mchana kweupe, na meshi zangu nimesuka. Sikuwahi kupiga simu ile. Namshukuru Mungu kwa hilo, na baada ya Mungu nawashukuru wawili wale waliokubali kulala njaa niliyoipika mimi.

Sasa mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Kolwezi. Wanafunzi wangu wengine wanatoka Kasulo, ambako watu walichimba madini chini ya nyumba zao wenyewe, na nimeona mtoto akija Jumatatu na simu mpya, Ijumaa hana daftari. Huwasimulia habari ya uji. Hucheka, na mimi hucheka nao.

Mwaka huu binti yangu ametimiza miaka kumi na mitano. Nilijiandaa kama mtu aliyesoma: mshahara niliugawa mara mbili, nusu ya kumkabidhi yeye na nusu nikaificha kwenye simu, asije akatuua. Nikaenda kwa mama kujisifu kidogo. Baba ametangulia, mama yupo, na bado anachambua maharagwe. Nikamwuliza, kwa udadisi tu, wao walibakisha kiasi gani mwezi ule wangu.

Mama alinitazama kana kwamba nimeuliza jambo la nchi nyingine.

"Kubakisha nini? Tulikupatiaka yote. Mutoto anajua kama ni muchezo." Akatupa jiwe moja lililokuwa kwenye maharagwe. "Papa yako hakulalaka ile wiki ya kuku. Zile siku za uji ndiyo alilala, sababu alikuona na mahindi ku kichwa."

Miaka yote hii nilidhani palikuwa na kitu chini ya godoro. Nilikaa pale kwa mama muda mrefu, nikimfikiria baba akiwa macho katikati ya shibe yetu. Niliporudi nilipita kwa wakala wa simu nikaitoa ile nusu.

Binti yangu alikuwa mezani, nywele zimesukwa upya. Niliweka noti zote mbele yake, nikamwambia mwezi huu ni wake. Alizitazama, akanitazama mimi, na uso wake ukabadilika.

"Mama, na kama inaisha?"

Nilitamani kumwambia asiogope.

"Itakuwa imeisha," nikamjibu.

Aliweka mikono magotini, bila kuzigusa. Kisha akaniuliza mahindi yanauzwa wapi.