Vibao vya Piano Nilivyovipiga Randa

Nakumbuka asubuhi ile ya masika nilipopiga randa vibao vya piano ya ukumbi wa Rahaleo, Mtwara, na hadi leo nikikumbuka nakasirika. Mwanangu, mimi ni wa darasa la nne, kuandika sikujui sana. Lakini hili nitaliandika lilivyokuwa, hata pale linaponichafua.

Piano ile Waingereza waliiacha walipoondoka. Aliyeitunza ni Mzee Fazal, fundi saa wa Mikindani, Mhindi ambaye babu zake wamezikwa hapohapo. Alikuwa akija kila mwezi kuifungua, kukaza nyuzi na kupuliza vumbi kwenye vinyundo vyake vya sufu. Masika yalipoanza, vibao vya kubonyeza vikakwama, ukibonyeza kimoja hakiinuki. Mzee akamwambia katibu wa ukumbi asubiri wiki moja, atakuja na koleo lake. Katibu hakutaka kusubiri. Jumamosi kulikuwa na kwaya ya shule. Akaniita mimi, seremala wa miaka ishirini na mitatu, mwenye maneno mengi kuliko misumari.

"Mzee anaogopa mbao," nikamwambia. "Huu ni mti tu. Mlango ukivimba si tunaupiga randa?"

Nikavichomoa, nikavipunguza ubavuni, kimoja kimoja. Kwaya ikaimba, nikasifiwa. Jambo usilolijua ni usiku wa giza, nami nilitembea gizani kifua mbele.

Kiangazi kilipofika, mti ukanywea. Vibao vikawa vinayumba na kugongana kama meno ya mwenye homa. Katibu akamwita Mzee Fazal mbele ya wanakwaya na mabalozi wa nyumba kumi.

"Umeharibu mali ya umma," akamwambia. "Au bado unadhani enzi zenu hazijaisha?"

Mzee akachomoa kibao, akapitisha kidole penye alama ya randa. Akanitazama. Mimi nikatazama viatu vyangu. Katibu alijua nani alishika randa, lakini nisijifiche nyuma yake. Wa kusema nilikuwa mimi. Mzee akanyang'anywa ufunguo wa piano, na mtu mmoja akacheka.

Kesho yake nikaenda dukani kwake Mikindani.

"Shikamoo, mzee. Nimekuja kuomba radhi."

"Marahaba. Radhi ya nini?"

"Ni mimi niliyepiga randa."

"Hilo nalijua. Kilichovimba ni kitambaa kilichomo tunduni mwa kibao. Unakibana kwa koleo, mti huugusi. Sasa umejua na wewe. Mimi nimevuliwa nguo ukumbini, wewe unakuja kunivisha uani? Toka dukani kwangu."

Nikatoka nimefura. Njia nzima ya kurudi Mtwara nilimtukana moyoni: mzee ana kiburi, hilo koleo angetuonyesha mapema. Na tuseme haki, kazi yake hakuwahi kumfundisha mtu. Lakini je, hilo ndilo lililonifunga mdomo pale ukumbini?

Mficha maradhi, kilio humuumbua. Siku sita nilikaa na hasira ile, mpaka nikagundua mwenye kuistahili ni mimi. Siku ya mazoezi ya kwaya nikasimama na kibao mkononi, nikasema, "Alama hii ya randa ni yangu. Mzee Fazal mti hakuugusa." Katibu akanikataza kukanyaga tena pale. Ufunguo ukarudishwa Mikindani, na mzee akaja kubandika vipande vyembamba vya mbao pale randa yangu ilipokula. Tangu hapo aliitikia salamu yangu, basi. Neno la pili hakunipa hadi alipofariki. Labda nilistahili. Sina hakika, na bado inaniuma.

Sasa wewe. Juzi umemwita mama yako mdogo mwizi wa korosho, barazani, majirani wamekaa. Gunia lilipoonekana ukamfuata jikoni ukamnong'oneza, "Nisamehe, mama." Nilikusikia, damu ikanichemka. Yaweza kuwa ni hasira yangu ya zamani, lakini hata hivyo nasema: kosa ulilolitenda mbele ya watu, likiri mbele ya watu walewale. Aliyeonewa ukweli anaujua; wasioujua ndio wenye kuambiwa. Wala usingoje siku sita kama mimi.

Nenda leo, majirani walewale wamekaa pale. Mungu akupe ulimi mzito wa kushutumu na miguu myepesi ya kurudi barazani, na mama yako mdogo akuitikie zaidi ya salamu. Amina.