Nilivyosubiri chuo chenye kazi ya uhakika, maua ya mama yakakaukia shambani

Wakuu, nawasabahi wote. Naanza na kosa langu: nilipokuwa kijana niliamini kuna chuo kimoja tu ambacho kazi inamsubiri mtu mlangoni, na kwamba nikikosea kukichagua, maisha yangu yamekwisha.

Kila wiki humu naona mnaulizana chuo gani kina ajira. Haya ni yangu, yalinitokea mimi mwenyewe, sijayatia chumvi.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, kwetu Nyamira.

Shule niliishia kidato cha nne, karo ikakosekana. Nikaenda Kisii mjini kuuza vitambaa kwenye duka la mzee mmoja Mhindi, tukimwita Mzee Ramji. Masomo ya kidato cha sita nilijisomea mwenyewe, nimejificha nyuma ya majora. Somo moja nililiandika upya mara tatu kwa sababu mwandiko wangu haukunipendeza. Ndivyo nilivyokuwa.

Nikafaulu. Nairobi wakanikubali nisomee ualimu.

Mwenzangu angeshangilia. Mimi nikaingiwa na hofu.

Nilikuwa nimeomba Kampala pia, kusomea biashara, na watu walisema waliotoka Kampala wanagombaniwa na maofisi. Kampala walikuwa hawajajibu. Nikipima kitambaa naiona ile Kampala ambayo sijawahi kufika: vilima, taa, mimi nimevaa joho jeusi, mabwana wenye tai wananiita kwa jina. Mteja anabaki amenyoosha mkono, chenji yake ninayo mimi.

Kila msomi aliyekuja nyumbani Desemba nilimvizia mlangoni mwa kanisa. Ulisoma wapi? Kazi uliipata lini? Nani alikuajiri? Hata viatu vyake nilivitazama.

Mzee Ramji akachoka nami. "Kijana, unachagua chuo kama bibi harusi anavyochagua kitambaa. Unagusa, unageuza, unagusa tena. Mimi nafunga duka!"

Sasa, nauli na sanduku la kwenda chuo vilitegemea pareto ya mama, yale maua yanayouzwa kutengenezea dawa ya wadudu. Mama alikuwa kwenye egesangio, kile kikundi cha akina mama wanaofanya kazi shamba la huyu leo, la yule kesho, kwa zamu. Zamu yake ilipofika nikamwambia aisogeze. Niliogopa tukichuma mapema, pesa itaishia kwenye karo ya wadogo zangu kabla Kampala hawajajibu.

Akaisogeza. Nikamwomba tena. Akaisogeza tena, safari hii bila kunitazama.

Kumbe kikundi kilikuwa na sheria yake: zamu ikisogezwa mara mbili, imepita. Mama alilijua hilo. Hakuniambia.

Niliporudi kutoka mjini nikakuta maua yameanza kuwa ya kahawia kwenye mashina. Kuripoti Nairobi kulibaki wiki moja. Kampala, kimya.

Nikashika kikapu alfajiri nikaingia shambani peke yangu. Ukungu ulikuwa umelala juu ya ile pareto nyeupe hadi sikuweza kujua maua yanaishia wapi na ukungu unaanzia wapi. Nilichuma kama mtu aliye usingizini. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi sikuwa nawaza Kampala. Nilikuwa nawaza ua lililo mbele yangu tu.

Nikasikia vicheko barabarani. Ni wao, egesangio, wanakwenda shamba la jirani. Mbele yao Mama Kemunto, kiongozi wao.

"Omomura, kijana wetu, umepata kazi tayari?" akaniita. Wenzake wakaangua kicheko. "Na hukuuliza kwanza mwajiri anavaa viatu gani?"

"Mama, nisaidieni," nikasema.

"Zamu yenu imepita." Wakaenda zao.

Jua lilipoanza kuteremka sikuwa nimemaliza hata robo. Ndipo nikawaona wanarudi, vikapu vichwani, wamechoka. Wakaingia shambani bila kubisha hodi, wakaanza kuchuma. Mama akatoka jikoni na kikapu chake, akaungana nao.

"Hii si zamu," Mama Kemunto akanionyesha kidole. "Hili ni deni lako, si la mama yako. Jumatatu uwe Nairobi. Nikikuona hapa Jumanne, utapalilia na sisi mwaka mzima, na leso utafunga!"

Jumatatu nilikuwa Nairobi, kwa nauli ya pareto ile.

Kampala walijibu baadaye, wakinikubali, nikiwa darasani tayari. Wawili ninaowajua waliokwenda kule walirudi kabla ya kumaliza, nchi ile ilipochafuka. Hakuna msomi yeyote pale kanisani angeweza kunitabiria hilo. Mimi nilipangiwa shule kwetu Nyamira hata kabla sijavua joho, maana walimu walitakiwa kila mahali. Mshahara wa kwanza nilinunua leso, moja kwa kila mama wa egesangio.

Nilichojifunza: ulizeni habari za ajira, ni haki yenu. Lakini kuna watu wanasubiri mkiwa mnauliza, na maua yao hayasubiri.

Nanyi mliochagua, au mliochelewa kuchagua, semeni hapa chini. Nitasoma yote.

Mimi siku hizi nikipewa nafasi njema naipokea siku hiyohiyo, na hofu yangu naenda nayo.