Chungu cha Mama Damari

Nilipokuwa mtoto kule Magoma, bibi yangu hakumpakata mtoto mchanga kabla ya kumfunua mdomo na kumpapasa ufizi. Alikuwa anatafuta jino. La chini likitangulia, vigelegele. La juu likitangulia, mtoto huyo ni kigego, mkosi wa ukoo, na zamani hawakumwacha aishi. "Ukila chungu kimoja na kigego," aliniambia, "utazika mtu wako." Nikamwamini.

Ilikuwa enzi za Mdachi. Nikapelekwa shule ya misheni upande wa Korogwe, tukilala hukohuko wasichana kumi na wanne. Rafiki yangu alikuwa Rebeka, yatima kutoka Handeni. Siku moja tukichambua mboga alininong'oneza siri yake: aliota meno ya juu kwanza, na marehemu mama yake alimkimbizia misheni mgongoni ili wasimuue. Nikamwapia kwamba sitasema.

Nadhani nisingesema, kama Rebeka asingechaguliwa kupiga kengele ya sala. Kazi ile niliitamani mno. Bwana anajua, siku ile si hofu ya kigego iliyonisemesha, ni kamba ya kengele. Nikamwambia msichana mmoja tu. Mmoja anatosha.

Kufika Jumapili hakuna aliyekula naye. Sinia likiwekwa, wenzetu wanavuta mikeka yao mbali. "Kula peke yako, kigego! Sisi bado tunawapenda mama zetu!" Nami nikavuta wangu. Rebeka akaacha kula kabisa. Akakonda hata kengele akawa anaivuta kwa mikono miwili. Nilimsikia akimwomba mwalimu arudishwe Handeni, na huko hakuwa na mtu.

Ndipo mpishi wetu, Mama Damari, mama mnene mwenye maneno, akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Nani kasema kigego anaua kwa chungu?"

"Wazee, mama," mmoja akajibu.

"Haya. Ugali wa hapa anausonga nani?"

"Wewe, mama."

"Basi mimi niliota ya juu kwanza. Mawili! Miaka yote mnalamba vidole kwa ugali wangu. Nani kafa? Wewe hapo? Mbona kila siku unaomba ukoko?"

Wengine wakacheka. Yeye hakucheka. Siri ile, nilikuja kusikia baadaye, hata mumewe alikuwa haijui. Akaketi kwenye mkeka wa Rebeka. "Anayekuja, aje."

Nikaenda mimi wa kwanza, nikimwaza bibi. Nikamega tonge. Rebeka akanitazama, kisha naye akamega.

"Huyu mtoto ana moyo," Mama Damari akasema mbele ya wote. "Mungu akuzidishie, mwanangu."

Sifa ile nikaimeza pamoja na tonge.

Masika yaliyofuata bibi alifariki. Nililia nikijua ni chungu kile. Ilinichukua miaka kukubali kwamba bibi alikuwa mzee tu, na wazee hufa, haidhuru wajukuu wao wamekula na nani.

Rebeka naye ni bibi sasa. Akija kwangu huwaambia wajukuu, "Huyu ndiye aliyenirudisha kula." Nami namwongezea mboga, macho chini. Kwa Mungu nimeungama mara nyingi. Kwake, bado.

Jumapili hii anakuja tena. Nimeomba nipewe moyo ule ambao Mama Damari alidhani ninao.