Kisima Kilichoitwa Asalaamu Aleikum

Asubuhi hiyo kompyuta iliniarifu kwamba huko Wajir kuna kisima kinachoitwa Asalaamu Aleikum, na hali ya pampu yake ni "mmeamkaje". Kwenye safu ya maji yaliyobaki tangini paliandikwa "sisi wazima".

Nilicheka peke yangu, kisha nikataka kujua. Kazi yangu ofisini hapa Garissa ni kupokea ujumbe wa simu kutoka kwa wasimamizi wa visima vya pampu. Kila msimamizi huandika mambo matatu na kuyatenga kwa koma: jina la kisima, hali ya pampu, kiasi cha maji. Programu hukata ujumbe kila inapokuta koma na kuweka kila kipande kwenye safu yake. Pampu ikiwa imekufa, alama nyekundu huwaka kwenye ramani, na lori la maji huenda kwenye nyekundu. Pasipo nyekundu haliendi.

Kisima hiki hakikuwa na alama ya rangi yoyote. Nikafungua ujumbe wenyewe. Ulitoka kwa mama mmoja anayetunza kisima mbele ya mji wa Habaswein. Alikuwa ametusalimu, akaulizia watoto wetu, akaeleza kuwa kwao ni amani, na kila alipopumua aliweka koma. Jina la kisima lilikuwa mbali kule nyuma. Programu ilichukua vipande vitatu vya mwanzo na kutupa vingine vyote.

Mkubwa wangu akasema nimwambie aache salamu. Nikampigia. Mimi ni mzaliwa wa Garissa lakini si Msomali, na Kisomali changu ni cha sokoni tu, kwa hiyo tuliongea Kiswahili. Tulijuliana hali mpaka sikio likapata joto.

"Eeddo," nikamwambia, yaani shangazi, "ukituma habari za kisima, anza moja kwa moja na jina lake."

"Maji nitaomba na salamu hakuna? Walaal, ndugu yangu, hata bolisi anasalimia kabla hajakushika."

Kusema kweli, sikutaka abadilike. Nilitaka kuona kama mashine inaweza kufundishwa adabu. Pampu yake siku hizo ilikuwa nzima, kwa hiyo nilikuwa na nafasi ya kuchezacheza. Niliigeuza programu ihesabu vipande kuanzia mwisho: chukua vitatu vya nyuma, salamu zijae mbele zitakavyo. Nikajiona fundi kwelikweli. Kesho yake tangi lake lilikuwa na maji kiasi cha "amin", kwa sababu mama alikuwa amefunga ujumbe kwa dua. Nikajaribu kulisaka jina la kisima popote lilipo, nikagundua kwamba kila siku analiandika kwa herufi tofauti. Niliudhika, na bado nilikuwa nafurahia. Nilikuwa kama mtoto aliyepewa redio mbovu aifungue.

Siku chache baadaye nilifika kazini nikakuta nyekundu inawaka mbele ya Habaswein. Ujumbe wake ulikuwa na vipande vitatu tu, na kila kimoja kilikuwa kimekaa mahali pake: jina, imekufa, hakuna.

"Umeona?" mkubwa wangu akasema. "Amejifunza."

Mimi niliujua ujumbe wa mama yule wa kila siku, na huu haukuwa wake. Nikampigia papo hapo. Simu haikumaliza hata mlio mmoja.

"Asalaamu aleikum," akasema kabla sijafungua mdomo. Akauliza tumeamkaje, akaulizia watoto, akaulizia ofisi, akamuulizia hata mkubwa wangu. Sauti ilikuwa imemkauka. Nyuma yake nilisikia ngamia wanalia, wengi. Alipomaliza salamu zote ndipo akasema pampu imekufa tangu jana adhuhuri, na watu wanazidi kuja na mifugo yao, na hana cha kuwapa.

"Salamu nimetoa mashine isikie haraka," akasema. "Wewe usihesabu sisi ni watu hawana adabu."

Nikamwambia lori linatoka sasa hivi, na huku naandika agizo la safari nikaanza kumwitikia salamu zake, moja baada ya nyingine.