Nesi Asiyenyanyua Ndoo

Nesi wa wodi ya wanawake hanyanyui kitu. Ndoo ya maji huisukuma kwa mguu hadi mlangoni, kisha humwita mlinzi aibebe. Hata birika la chai humsubiri mtu. Phulmaya, ambaye kizazi chake kilitoka nje, kikafanya kidonda na kuziba mkojo hadi akakimbizwa kupasuliwa, amemtazama siku nne toka kitandani na kumwita kimoyomoyo bibi harusi wa milele. Mdomo wa nesi tu ndio hauchoki. Kila mgonjwa anapofuatwa na mumewe warudi kijijini milimani, nesi humtwika mume huyo kapu la kuni mgongoni, ukanda ukimkaza paji la uso, akamzungusha uani mara kumi.

Leo ilikuwa zamu ya Dhanraj, mume wa Phulmaya, aliyekuja na kofia yake ya sherehe.

"Dada, shingo inakatika!"

"Pole, shemeji. Mkeo alibeba hilo ana kichanga cha siku kumi, kizazi kikashuka. Zunguka! Miezi sita, hadi apone, kapu hilo ni lako."

Wagonjwa barazani walicheka wakijishika matumbo. "Jamani, nyuzi zangu!"

Ukuni mmoja ukadondoka. Nesi akainama kuuokota, akasita, na mkono wake ukaenda chini ya kitovu, pale pale Phulmaya anapojishika akikohoa.

"Dada," Phulmaya akauliza taratibu, "na wewe?"

"Nimepasuliwa mara mbili," nesi akajibu bila kugeuka. "Ile ya kwanza ilifumuka. Mume wangu hakuzungushwa na mtu."